Sura ya Sita: Chuo Kisichouliza

Mahakama hazianzi kazi saa kumi na mbili asubuhi. Lakini Septemba 1977, katika mji wa Tyler, mashariki mwa Texas, Jaji William Wayne Justice alipanga kusikiliza shauri moja saa hiyo, kabla mji haujachangamka, ili waliolifungua wasionekane wakiingia. Walikuwa wazazi wa familia nne zenye asili ya Mexico. Hawakuwa na hati za kuishi Marekani, na kukanyaga jengo la serikali kuu ilikuwa kama kujikabidhi. Walikuja na mizigo yao imepakiwa kwenye magari, kwa kuwa walidhani wakitoka pale safari itakuwa ya mpakani.

Walichokuwa wakilalamikia ni ada. Mwaka 1975 bunge la Texas lilibadili sheria ya elimu: jimbo halitagharimia tena watoto walioingia nchini bila kibali, na shule ziliruhusiwa kuwakataa. Wakuu wa shule za Tyler waliamua kuwapokea kwa masharti ya dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Kwa kibarua wa miaka ile, hiyo ilikuwa njia nyingine ya kusema hapana. Wazazi wakaenda mahakamani, na jaji akawaruhusu kushtaki bila kutaja majina yao halisi. Ndiyo maana shauri hilo linajulikana hadi leo kama Plyler dhidi ya Doe. Plyler ni msimamizi wa shule za Tyler, na Doe ni jina la kuficha jina.

Tarehe 15 Juni 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba Texas imevunja katiba. Jaji William Brennan, aliyeandika hukumu, aliegemea hoja ambayo mzazi yeyote anaielewa: mtoto hakuchagua kuvuka mpaka, na kumnyima shule ni kumwadhibu kwa uamuzi wa wakubwa wake. Tangu siku hiyo shule za umma za nchi nzima hazina ruhusa ya kumfungia mlango mtoto kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji. Mtoto anaanza chekechea, anapanda darasa hadi darasa, na hana anayemdai pasipoti.

Hukumu hiyo inakoma darasa la 12. Kijana anavaa joho la mahafali ya sekondari, anapigwa picha na wazazi, na miezi mitatu baadaye anakuta dirisha la udahili wa chuo kikuu likiwa na swali ambalo hakuwahi kuulizwa kwa miaka 12: wewe ni nani hapa nchini?

Sura hii inahusu swali hilo. Hoja yangu ni kwamba kinga imara zaidi ya mwanafunzi mhamiaji chuoni imetokana na taratibu zisizohitaji kumuuliza swali hilo, na kwamba kila karatasi iliyoandikwa kwa nia ya kumlinda imegeuka kuwa anwani ya kumtafutia.

Wahamiaji wa aina nne

Neno "mhamiaji" linawafunika watu ambao mbele ya sheria hawafanani hata kidogo. Kijana wa Kikongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kisha familia yake ikapelekwa Marekani kwa mpango rasmi, ni mkimbizi. Ana hati, na anaomba msaada wa masomo wa serikali kuu sawa na raia. Binti wa Nairobi au Dar es Salaam aliyepata nafasi chuoni akiwa kwao anaingia kwa viza ya mwanafunzi, analipa ada kubwa, na anafuatiliwa muhula kwa muhula. Wa tatu aliletwa akiwa mdogo, labda kwa viza ya matembezi ambayo wazazi waliiacha ikaisha muda. Huyu ndiye ambaye Waswahili wa ughaibuni humwita "hana makaratasi". Wa nne ni raia kamili, mzaliwa wa Los Angeles au Houston, ila wazazi wake hawana makaratasi.

Kwa hesabu ya kawaida, wa tatu ndiye aliye hatarini na wengine wako salama. Matukio ya miaka ya karibuni yamevuruga hesabu hiyo, na tutayafikia. Tuanze na fedha, kwa sababu mlango wa kwanza wa chuo kikuu cha umma Marekani ni ada.

Bei mbili za kiti kimoja

Kila jimbo lina vyuo vyake vya umma, na kila chuo kina bei mbili: ya mkazi wa jimbo na ya asiye mkazi. Pengo kati yake si dogo. Katika Chuo Kikuu cha California, asiye mkazi anaongezewa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya kile anacholipa mkazi. Kijana aliyesoma sekondari mtaa wa pili kutoka chuoni, akihesabiwa kuwa si mkazi, anaweza kutajiwa bei ileile ya mtu anayetoka ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1996 Congress, bunge la Marekani, ilipitisha sheria ya uhamiaji yenye kifungu kinachozuia majimbo kumpa mtu asiye na kibali unafuu wa elimu ya juu kwa msingi wa ukazi wake, isipokuwa unafuu huohuo uwe wazi kwa raia wa jimbo lolote. Wengi walikisoma kuwa mlango umefungwa. Wanasheria wachache walikisoma tena, wakaona umefungwa kwa neno moja tu: ukazi.

Texas ilitangulia. Juni 2001 Gavana Rick Perry wa chama cha Republican alisaini sheria iliyomhesabu kuwa mkazi kijana aliyeishi Texas angalau miaka 3 na kuhitimu sekondari humo. Miezi michache baadaye California ikafuata, lakini kwa ujenzi tofauti. Sheria yake, inayojulikana kwa namba AB 540, haikumwita mtu mkazi. Ilisema kwamba aliyesoma sekondari California miaka 3 na kuhitimu hatatozwa nyongeza ya asiye mkazi, awe nani, atoke wapi.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mezani pa mwandishi wa sheria. Mwaka 2010, wapinzani walipoifikisha AB 540 mbele ya Mahakama ya Juu ya California, ndiyo iliyoiokoa. Majaji walisema kigezo chake ni shule, hakitegemei ukazi, na wakaonyesha kwamba wengi wa wanaofaidika ni raia wa Marekani waliosoma California, wakahama, wakarudi kwa ajili ya chuo. Msaada uliomfuata mhamiaji ulikuwa umepita katikati ya raia, na haikuwezekana kuuondoa bila kuwagusa raia hao.

Sheria ya Texas, iliyosimama juu ya ukazi, iliishi miaka 24. Tarehe 4 Juni 2025 serikali kuu ilifungua kesi dhidi yake. Mwanasheria mkuu wa jimbo, aliyetarajiwa kuitetea, akakubaliana na mlalamikaji siku hiyohiyo, na jaji akaifuta siku hiyohiyo. Waliokuwa mwaka wa tatu wa shahada walilala wakiwa wakazi na kuamka wageni. Serikali kuu imeendelea kufungua kesi za namna hiyo katika majimbo mengine, yakiwemo Kentucky, Minnesota na Oklahoma, kwa hiyo hata ujenzi wa California si ngome isiyoguswa. Lakini umesimama pale ambapo mwenzake ulianguka kwa siku moja.

Georgia inauliza

Kuna majimbo yaliyochagua njia ya pili, ya kuuliza wazi. South Carolina ilipitisha sheria mwaka 2008 kuwafungia wasio na makaratasi vyuo vyote vya umma, na Alabama ikafuata mwaka 2011. Kisa cha Georgia kinafundisha zaidi, maana ubaguzi wake haukutoka bungeni. Ulitoka kwenye bodi inayosimamia vyuo vyenyewe.

Mwaka 2010, baada ya mwanafunzi mmoja kukamatwa kwa kosa la barabarani na kugundulika hana hati, wanasiasa wa Georgia walipiga kelele kwamba wageni wanawanyang'anya wenyeji nafasi. Bodi ikahesabu. Katika wanafunzi zaidi ya 310,000 wa vyuo vya umma vya jimbo, walipatikana 501 wasio na hati, hawafiki mmoja katika kila 600, nao walikuwa wakilipa ada ya juu ya asiye mkazi. Hesabu ilijibu lalamiko. Hata hivyo Oktoba mwaka huo bodi ilipitisha kanuni: chuo chochote kinacholazimika kuwaacha baadhi ya waombaji wenye sifa hakitampokea asiye na hati, na ni lazima kithibitishe hadhi ya kila anayempokea. Kanuni ilianza kufanya kazi mwaka wa masomo wa 2011, na kwa kuanzia iligusa vyuo 5, kikiwemo Chuo Kikuu cha Georgia kilichoko mji wa Athens.

Chuo hicho kilikuwa na kumbukumbu ya karibu. Wanafunzi wake wa kwanza weusi, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes, waliingia Januari 1961 kwa amri ya mahakama, huku umati ukiwazomea na kuvunja madirisha ya bweni. Miaka 50 kamili baadaye chuo kiliadhimisha ujio wao, na mwaka huohuo kikaanza kuwakataa wengine.

Wahadhiri wanne wa chuo hicho hawakukubali. Mwaka 2011, wakishirikiana na wanafunzi na wanaharakati wa uhamiaji, walianzisha Freedom University, darasa la kujitolea lililokutana mara moja kwa wiki. Halikutoa shahada wala kutoza ada, na mahali pake hapakutangazwa hadharani. Waliosoma pale walijifunza historia na uandishi kwa kiwango cha chuo kikuu, wakasaidiwa kuomba nafasi katika vyuo vya majimbo mengine, na baadhi wakapata ufadhili kamili. Georgia ilikuwa imewasomesha miaka 12 kwa kodi ya wananchi wake, na jimbo lingine likavuna.

Mkono uliosaini waraka

Tangu 2001 wabunge wamekuwa wakileta muswada uitwao DREAM Act, wa kuwapa vijana wa kundi hili njia ya kuhalalishwa. Ulifika mbali zaidi Desemba 2010, ulipopita Baraza la Wawakilishi na kuanguka Seneti kwa kura 55 dhidi ya 41. Wingi ulikuwepo, lakini taratibu za Seneti zilidai kura 60.

Rais Barack Obama akatumia njia fupi. Tarehe 15 Juni 2012, miaka 30 kamili tangu hukumu ya Plyler, waziri wake wa Usalama wa Ndani, Janet Napolitano, alisaini waraka ulioanzisha mpango wa DACA. Aliyeletwa Marekani kabla ya kutimiza miaka 16, akaishi humo mfululizo tangu Juni 2007, na yuko shuleni au amehitimu, aliahidiwa kutofukuzwa kwa miaka miwili miwili na kupewa kibali cha kazi. Zaidi ya vijana 800,000 walikubaliwa. Wengi waliweza kwa mara ya kwanza kufanya kazi halali wakisoma, na hiyo peke yake iliwalipia wengi ada.

Masharti yake yalikuwa na bei. Mwombaji aliiandikia wizara ileile inayofukuza watu jina lake kamili, anwani, historia ya shule, tarehe ya kuingia nchini na alama za vidole. Alikiri kwa maandishi kwamba hana kibali, kwa mategemeo kwamba waraka utaheshimiwa.

Mwaka 2013 Napolitano aliacha uwaziri akawa rais wa Chuo Kikuu cha California. Wanafunzi wasio na makaratasi walimpokea kwa maandamano, maana wizara yake ndiyo iliyokuwa ikifukuza karibu watu 400,000 kwa mwaka. Wiki chache baada ya kuanza kazi alitenga dola milioni 5 kwa ajili yao. Kisha Septemba 2017 utawala wa Donald Trump ulitangaza kuifuta DACA, na chuo kikuu kilichoongozwa na aliyesaini waraka kikaishtaki wizara aliyowahi kuiongoza. Juni 2020 Mahakama ya Juu, kwa 5 dhidi ya 4, ilikipa chuo ushindi. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba serikali haikutoa sababu za kutosha za kuufuta mpango. Hakusema kwamba haina uwezo wa kuufuta.

Huo ndio udhaifu wa waraka. Mwaka 2021 jaji mmoja wa Texas aliutangaza mpango kuwa kinyume cha sheria, maombi mapya yakasimama, na waliobaki wanahuisha vibali vyao huku kesi zikizunguka. Na tarehe iliyomo ndani yake haikusogea. Anayeingia chuo akiwa na miaka 18 mwaka 2025 alizaliwa mwaka 2006 au 2007. Ili kutimiza sharti la kuwa nchini kufikia Juni 2007, angepaswa kuvushwa mpaka akiwa na wiki au miezi michache. Kizazi kilichoko sasa kwenye madarasa ya mwaka wa kwanza kiko karibu chote nje ya mpango hata kama mpango ungefunguliwa kesho.

Mwenye makaratasi yote

Sasa turudi kwa binti wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye viza. Marekani ina sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi: chuo hakitoi faili la mtu bila ridhaa yake, isipokuwa kwa amri ya mahakama au sababu chache zilizotajwa. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya wanafunzi wote na haikuwafikiria wahamiaji, na kwa sababu hiyohiyo inamkinga asiye na makaratasi kama inavyomkinga mtoto wa seneta.

Mwenye viza hafaidi kinga hiyo kikamilifu. Tangu 2003, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, vyuo vinaingiza taarifa zake kwenye mfumo wa kompyuta wa serikali uitwao SEVIS: anakaa wapi, anasoma nini, amepunguza masomo au la. Mwanafunzi aliyefuata kila kanuni ndiye anayeonekana kuliko wote.

Katika majira ya machipuko ya mwaka 2025 maana ya kuonekana ilidhihirika. Majina ya wanafunzi wa kigeni yalilinganishwa na kanzidata za polisi, na maelfu wakafutiwa rekodi zao kwenye SEVIS, wakiwemo ambao walikuwa na faini ya barabarani au kesi iliyokwisha kufutwa. Wengi waligundua pale afisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo alipofungua kompyuta. Kesi zilifunguliwa nchi nzima, na mwishoni mwa Aprili serikali ikatangaza kuzirudisha rekodi. Mei 22 ikaja zamu ya Harvard. Wizara ya Usalama wa Ndani, ikidai kwamba chuo hakikukabidhi taarifa zote ilizotaka kuhusu wanafunzi wa kigeni, ilikinyang'anya idhini ya kuwapokea. Karibu wanafunzi 6,800, zaidi ya robo ya wote, walijikuta hawajui kama wana chuo. Kesho yake jaji akazuia amri hiyo.

Mwezi Machi mwaka huohuo, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Uturuki aliyeingia nchini kwa viza halali alikamatwa barabarani karibu na Boston, baada ya kushiriki kuandika makala katika gazeti la wanafunzi. Alikaa kizuizini wiki kadhaa hadi jaji alipoamuru aachiwe. Hata kufuata taratibu zote hakukumkinga.

Kutouliza, na gharama yake

Novemba 2016, baada ya uchaguzi wa rais, wanafunzi wa vyuo vingi waliandamana wakitaka vyuo vyao vijitangaze kuwa vya hifadhi kwa wahamiaji. Portland State na Reed vilikubali jina hilo. Harvard ilikataa, ikisema halina nguvu ya kisheria. Mabishano juu ya jina yalikula muda mwingi kuliko yalivyostahili. Chuo Kikuu cha California kililiacha jina, kikaandika taratibu: polisi wa chuo hawatafanya kazi ya uhamiaji, na kumbukumbu za siri hazitatolewa bila hati ya mahakama.

Taratibu za namna hiyo zinahitaji kujulikana na watu wa chini kabisa, yaani mlinzi wa bweni, karani wa masijala, mpokezi wa simu. Afisa wa uhamiaji anaweza kuja na karatasi yenye neno "hati" juu yake, iliyosainiwa na ofisa mwenzake. Hiyo haimpi haki ya kuingia chumbani mwa mtu bila ridhaa. Iliyosainiwa na jaji ndiyo inayompa. Mlinzi asiyejua tofauti hiyo saa nane usiku atafungua, na tamko zuri la rais wa chuo halitasaidia. Tangu Januari 2025, serikali ilipofuta miongozo iliyowataka maafisa wake waepuke kukamata watu shuleni na vyuoni, mlinzi huyo amekuwa mtu muhimu zaidi.

Kutouliza kuna gharama zake, na asiyezitaja hasemi ukweli wote. Chuo kisichojua ni nani hana makaratasi hakijui nani hawezi kupata mkopo wa serikali kuu, nani hawezi kuajiriwa maktaba, nani amelala njaa. California ilijaribu kulitatua tatizo hilo kwa kutenganisha mafaili. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2011, ina fomu yake ya msaada wa masomo, inayokwenda kwa tume ya jimbo na haifiki Washington. Raia aliyezaliwa na wazazi wasio na hati, yule wa kundi la nne, anajua uzito wa utengano huo, maana fomu ya serikali kuu inataka taarifa za wazazi wake. Anapata msaada wa masomo kwa kuwaandikisha baba na mama.

Njia ya pili ni kuacha mwanafunzi aje mwenyewe. Tawi la Berkeley lina ofisi ya wanafunzi hawa, na tangu mwanzoni mwa 2015 shule ya sheria ya tawi la Davis imekuwa mwenyeji wa kituo cha mawakili wanaowahudumia wao na familia zao katika matawi mengi ya Chuo Kikuu cha California. Anayehitaji anabisha hodi, na anachosema kinabaki kati yake na wakili wake, chini ya siri ambayo hakuna wizara inayoweza kuidai kwa barua.

Congress ndiyo pekee inayoweza kulimaliza jambo hili, nayo imeshindwa tangu 2001. Wakati huohuo vyuo vinaendelea kubuni fomu mpya kila mwaka: za bima, za hosteli, za utafiti, za dharura. Ulinzi au hatari ya mwanafunzi inaingia pale, katika kikao cha watu watano wanaojadili visanduku vya kujaza, bila kamera wala mabango. Msajili anayejua kazi yake atauliza katika kikao hicho kila kisanduku kina kazi gani, na kisipokuwa na kazi atakifuta kabla fomu haijachapishwa.